Fundi Gani Aingie Kooni kwa Shangazi?

Shangazi yangu wa Tanga hulala ameketi. Mito mitatu mgongoni, kanga begani, na kwenye stuli kando ya kitanda kuna glasi ya maji na pakiti ya Eno iliyokunjwa mdomo kama kifuko cha ubani. Ukilala chumba cha pili, saa nane za usiku utasikia kijiko kinagonga glasi, povu linafoka, kisha cheuo kirefu, kisha "Alhamdulillahi." Miaka kumi na moja sasa. Ukimwambia pole atakujibu kwamba yeye haumwi, yeye ni mlinzi wa zamu ya usiku, mshahara tu ndio haujaletwa.

Kabla ya Ramadhani iliyopita, binamu yetu aliyeko Houston akatuma ujumbe wa sauti: huko siku hizi wanapitisha kamera mdomoni na kuurekebisha mlango wa tumbo bila kupasua, mgonjwa akiamka hana hata kidonda tumboni. Shangazi aliusikiliza mara mbili, simu ameibana sikioni. "Kumbe mafundi wapo," akasema. "Nitafutie fundi."

Nimetafuta kwa miezi. Hii hapa orodha, kuanzia yule ambaye nisingemruhusu hata kuingia uani, hadi yule ambaye ningembebea mkoba mwenyewe. Mizani yangu ni moja tu: koo lenyewe ni la shangazi.

Kwanza, mlango. Umio unapoingia tumboni pana msuli wa duara unaobana kama mpira wa kiuno cha suruali. Ukimeza unalegea, chakula kikipita unabana. Kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kinaukumbatia kwa nje. Kwa ndani liko kunjo la nyama linaloegemea kama kifuniko. Vikilegea hivyo, asidi inapanda. Omeprazoli, iliyoanza kuuzwa Sweden mwaka 1988, inapunguza asidi inayotengenezwa, ila mlango inauacha kama ilivyoukuta. Ndiyo maana shangazi alipoanza kuimeza moto ulipoa kidogo, lakini akiinama kumfunga mjukuu kamba za viatu, maji yanamfika kwenye meno.

8. Gundi

Iliitwa Enteryx, ikaruhusiwa Marekani mwaka 2003. Daktari alipitisha sindano ndefu kwenye kamera na kuingiza kimiminika ndani ya nyama za mlango. Kikishafika humo kinaganda, kinakuwa kama sponji, mlango unanenepa na kubana. Kimiminika hicho kilichanganywa na dawa inayofanya pumzi ya mgonjwa inuke kitunguu saumu kwa muda. Hilo lingevumilika, pwani yetu nani anaogopa kitunguu saumu?

Taabu ilikuwa ukuta wenyewe. Ukuta wa umio ni mwembamba, na nyuma yake tu umepita mshipa mkuu wa damu, aota. Sindano ikivuka kidogo, gundi inamwagwa nje. Wapo walioumia vibaya, na vifo vilitokea. Septemba 2005 kampuni iliondoa bidhaa yote sokoni.

Nilipomsomea shangazi, hakutania. Aliuliza kama waliokufa walikuwa wazee. Nikamwambia walikuwa watu waliokwenda hospitali kwa ajili ya kiungulia.

7. Vijiti vinavyovimba

Gatekeeper ilitumia vijiti vikavu vyembamba vilivyopenyezwa chini ya ngozi laini ya umio. Vikinywa maji vinavimba, kama kunde ulizoloweka usiku. Walipolinganishwa na watu walioigiziwa matibabu, yaani waliolazwa usingizi, kamera ikaingia na kutoka bila chochote kufanywa, wenye vijiti hawakuwazidi. Jaribio likasimamishwa kabla ya wakati wake. Tupite.

6. Cherehani

Huyu nampenda, na bado simwiti. Mwaka 1986 huko London, Paul Swain na mwenzake walichapisha habari za cherehani ndogo kiasi cha kukaa kwenye ncha ya kamera. Ilinyonya nyama ya tumbo ndani ya kishimo kidogo, sindano ikapita, uzi ukabaki. Kutokana na wazo hilo ikaja EndoCinch, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2000. Fikiria umahiri wa kushona mtu kupitia mdomoni, gizani, kwa mkono ulio mbali na kitambaa kwa zaidi ya nusu mita.

Ila fundi cherehani hupimwa baada ya nguo kufuliwa. Wajerumani waliwarudia wagonjwa 70 baada ya miezi 18 na kuwaangalia tena kwa kamera. Wagonjwa 12 tu ndio walikuwa na nyuzi zao zote. Wagonjwa 18 hawakubakiwa na hata uzi mmoja. Kosa lilikuwa kina: sindano ilishika tabaka la juu, na tumbo ni kitambaa kinachocheza mchana na usiku. Shangazi, aliyesomesha watoto wanne kwa cherehani ya miguu, alielewa upesi kuliko mimi. "Huyo amepiga bandi," alisema. "Bandi si mshono."

5. Moto wa mawimbi ya redio

Stretta nayo iliruhusiwa mwaka 2000. Puto linafunguliwa ndani ya mlango, sindano nne zinachomoza na kuingia kwenye msuli, mawimbi ya redio yanaupasha joto huku maji yakipooza ngozi ya juu. Kila mzunguko ni dakika moja, kisha puto linasogezwa na kazi inarudiwa. Kampuni ya kwanza ilifilisika mwaka 2006, kifaa kikafufuliwa na wengine.

Hapa nakaa kidogo, maana waganga wenyewe hawajapatana. Jaribio la mwaka 2003 lenye kundi la kuigiziwa lilionyesha jambo la ajabu: waliotibiwa walijisikia nafuu kuliko wenzao, lakini kipimo cha asidi kwenye umio hakikuonyesha tofauti. Moto umepungua kwa maneno ya mgonjwa, asidi ni ileile. Wapo wanaoshuku kwamba joto lile linadumaza mishipa ya fahamu. Kama ni hivyo, umekata waya wa kengele na jiko bado linaungua. Chama cha wataalamu wa tumbo cha Marekani, ACG, kilishauri mwaka 2022 isitumike badala ya dawa au upasuaji. Chama cha wapasuaji wanaotumia kamera, SAGES, kiliwahi kuiunga mkono. Wagonjwa wanaoapa kwamba imewasaidia wapo, wala siwabishii.

Kwa shangazi, hapana. Kengele yake naitaka izime kwa sababu moto umekwisha.

4. Kovu

Huyu ni Haruhiro Inoue wa Japani, yule aliyefanya mwaka 2008 upasuaji wa kwanza wa POEM kwa binadamu, unaofungua mlango wa umio uliokataa kulegea. Mtu aliyesomea kufungua ndiye aliyebuni namna ya kufunga! Mwaka 2003 alimwondolea mgonjwa ngozi iliyoanza kuharibika kuzunguka sehemu ya chini ya umio. Kidonda kilipopona, kovu likavuta, na kiungulia cha mgonjwa kikaondoka. Inoue hakulipuuza lile. Mwaka 2014 akachapisha habari za wagonjwa kumi aliowatibu kwa makusudi hayo, akaiita ARMS: unachuna ngozi ya juu ya tumbo upande mmoja wa mlango, kwa umbo la mwezi mchanga, unaacha kipande kizima ili mlango usizibe, kisha unauachia mwili ufanye kazi yake ya kuponya. Baadaye akaja na njia nyepesi zaidi ya kuchoma badala ya kuchuna.

Uzuri wake ni kwamba hakuna uzi, pini wala kitu cha kigeni kinachobaki mwilini. Ubaya ni kwamba kovu halipokei maagizo. Likivuta kidogo, kiungulia kinabaki. Likivuta mno, ugali unakwama, na mgonjwa anarudi kupanuliwa kwa puto. Damu kuvuja na ukuta kutoboka pia vimetokea. Shangazi akasema mume wake wa kwanza alikuwa hivyo: hujui leo atabana au ataachia.

3. Pini na mshono wa kina

Baada ya somo la cherehani, mafundi wakaelewa kwamba lazima ushike ukuta mzima wa tumbo, tabaka zote. Ya kwanza iliyofika mbali ni Plicator, mwaka 2003. Kwenye jaribio lake lililochapishwa mwaka 2006, baada ya miezi mitatu wagonjwa 56 kwa kila 100 waliotibiwa walikuwa wamepata nafuu ya nusu au zaidi, dhidi ya chini ya 20 walioigiziwa. Matokeo mema, na bado kampuni ilifungwa mwaka 2008. Wazo likaendelezwa Ujerumani kwa kifaa kiitwacho GERDx. Israeli nao wakatengeneza MUSE, yenye kamera, mashine ya kupiga pini na kipimo cha mawimbi ya sauti kwenye chombo kimoja, ili daktari ajue unene wa nyama kabla ya kubonyeza.

Linalonivutia zaidi limetoka Hyderabad, India, na India ni njia ambayo wagonjwa wetu wa Afrika Mashariki wanaijua vizuri. Pale walichukua watu 70, nusu wakatibiwa kwa GERDx, nusu wakaigiziwa. Baada ya miezi mitatu, 23 kati ya 35 waliotibiwa walikuwa na nafuu kubwa. Upande wa pili, mmoja tu. Miezi mitatu ni michache kwa mtu aliyekesha miaka kumi na moja, lakini tofauti kama ile sikuiona kwingine kwenye orodha hii.

2. Kola ya tumbo

Huyu ndiye wa Houston, na ndiye ambaye ningembebea mkoba. Jina lake ni TIF, kifaa chake EsophyX, na Marekani iliruhusu mwaka 2007.

Asili ya wazo ni ya zamani. Mwaka 1936, akiwa Istanbul, mpasuaji Mjerumani Rudolf Nissen alimfanyia mgonjwa upasuaji wa umio na kuuzungushia sehemu ya juu ya tumbo ili kulinda mshono. Miaka ilipopita akagundua kwamba mgonjwa yule hasumbuliwi tena na kiungulia. Mwaka 1956 akaitangaza kuwa tiba, na hadi leo upasuaji huo una jina lake. Unazunguka umio mzima, nyuzi 360, na unafunga barabara. Wakati mwingine unafunga hata kisichotakiwa kufungwa, mtu akashindwa kucheua wala kutapika, tumbo likajaa gesi kama mpira wa ligi.

TIF inafanya jambo la jamaa hiyo kwa kupitia mdomoni. Mgonjwa anapewa nusu kaputi. Kifaa kinaivuta sehemu ya juu ya tumbo na kuifunga kwenye umio kwa pini ndogo za plastiki zipatazo ishirini, robo tatu ya mzunguko, nyuzi 270 au zaidi, kama kola ya shati iliyoachwa wazi mbele. Uwazi ule ndio unaookoa cheuo.

Nilipofika hapo shangazi alikaa vizuri. "Nitacheua?" Utacheua. "Na hesabu zake?" Nikampa. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa Marekani kwa watu wenye tatizo kama lake, la maji kupanda ingawa wanatumia vidonge. Kundi moja lilifanyiwa TIF likapewa vidonge visivyo na dawa. Kundi la pili liliigiziwa likapewa omeprazoli halisi. Baada ya miezi sita, maji yalikuwa yamekoma kwa 67 kati ya kila 100 wa TIF, na 45 kati ya kila 100 wa omeprazoli.

"Arobaini na tano?" akaniuliza. "Kwa vidonge hivi hivi vyangu?"

Vidonge hivi hivi. Ndipo nilipomuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza miaka kumi iliyopita: unavimeza saa ngapi? Akasema usiku, baada ya chakula, kwa chai, anapoanza kulala. Yaani kwa miaka kumi na moja dawa imekuwa ikifika baada ya mgeni kuondoka. Omeprazoli inamezwa nusu saa kabla ya kula, ili ikute pampu za asidi zinaamka. Nilimwona anahesabu kimya kimya. Kisha akachukua ile pakiti ya vidonge, akaisogeza kutoka kwenye stuli ya kitandani hadi kwenye rafu ya jikoni, karibu na birika.

TIF ina masharti. Kama tumbo limepanda juu ya kiwambo, ngiri ile isizidi sentimita mbili. Umio usiwe na vidonda vikubwa. Baada ya matibabu kuna wiki za uji na supu, na wiki za kutobeba ndoo. Wapo wanaorudi kwenye vidonge miaka ikisonga. Ngiri ikizidi sentimita mbili, mpasuaji hurekebisha kwanza kiwambo kwa matundu madogo tumboni, kisha kola inawekwa siku hiyohiyo.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," shangazi akanihimiza. "Tukazibe." Nikamwambia ufa wenyewe hatujauona.

1. Futi

Nafasi ya kwanza nampa fundi asiyeziba kitu. Kamera tupu, na waya mwembamba wa puani. Katika safari yote hii nimeamini jambo hili kwa moyo wangu wote: asiguse mtu koo la shangazi kabla halijapimwa. Kwetu kila kinachochoma kinaitwa vidonda vya tumbo, na kila mwenye kuchomwa anapewa vidonge vilevile. Wapo wenye bakteria wa tumbo, wapo wenye mlango ulioziba badala ya kulegea, wapo wanaochomwa na asidi ya kawaida kabisa kwa sababu mishipa yao ya fahamu ni myepesi kushtuka. Ukiwawekea kola hao, umewapa ugonjwa wa pili.

Na wapo ambao hawana muda wa orodha yoyote. Ukanda wetu, kuanzia Ethiopia kushuka hadi Afrika Kusini, una saratani nyingi ya umio, na aina yetu kwa sehemu kubwa haitokani na kiungulia. Hospitali ya Tenwek kule Bomet, Kenya, inawafahamu vizuri wagonjwa hao, wanaofika wakiwa hawawezi kumeza hata uji. Chakula kikianza kukwama, mtu akipungua uzito bila sababu, akitapika damu au akipata choo cheusi kama lami, aende kwenye kamera wiki hiyohiyo. Eno iwekwe kando.

Kamera hii inayojikunja ilitumika kwanza mwaka 1957. Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Michigan, aliimeza mwenyewe kabla ya kumpa mgonjwa. Nilimwambia shangazi hivyo kwenye foleni ya hospitali, Nairobi. "Basi na mimi nitaimeza," akasema, na hirizi ya mama yake akanikabidhi nimshikie.

Walimpulizia ganzi kooni, chungu, yenye harufu ya ndizi mbivu. Akalala ubavu wa kushoto, plastiki katikati ya meno, taulo chini ya shavu. Daktari akaniruhusu nisimame nyuma ya nesi. Kwenye skrini umio wake ulikuwa na rangi ya waridi iliyofifia, unang'aa kama ndani ya kombe la pwani. Chini kabisa, michubuko miwili myekundu, mifupi kama alama za kucha. Daktari akasema hiyo ni daraja A, hata mtu asiye na ugonjwa anaweza kuwa nayo, haitoshi kumhukumu. Kisha kamera ikaingia tumboni, ikajikunja, ikageuka kutazama ilikotoka. Kwa mtu mzima wa afya, mlango unaubana ule mpira mweusi kama midomo ya mtoto anayenyonya. Wa shangazi ulikuwa wazi. Mpira ulisimama katikati, na pembeni yake kulikuwa na giza ambalo mkono wa mtoto ungepita.

Wiki mbili baadaye, akiwa ameacha vidonge siku saba, alivishwa waya puani na kisanduku kiunoni kwa saa 24. Kila akichomwa abonyeze kitufe, kila akila abonyeze kingine, akilala kingine. Alibonyeza kwa bidii ya karani wa uchaguzi. Tulikuwa tumefikia kwa mdogo wake Eastleigh, na hata mazungumzo aliyakatisha: "Subirini, nimechomwa," tik, "haya endeleeni."

Chini ya asilimia 4 ya muda huhesabiwa kuwa kawaida, zaidi ya 6 ni ugonjwa. Yeye alipata 9.8. Ni zaidi ya saa mbili na dakika ishirini za asidi ndani ya siku moja. Na ngiri ilikuwa sentimita nne.

"Kwa hiyo yule wa Houston hanitaki," akasema.

Peke yake, hapana. Lazima atangulie mpasuaji wa kiwambo. Daktari alimwandikia apewe nafasi mwezi wa kumi na moja, na mpaka wakati huo vidonge nusu saa kabla ya chai, chakula cha jioni saa tatu kabla ya kulala, ubavu wa kushoto, na kichwa cha kitanda kiinuliwe. Tumeweka matofali mawili kila mguu wa upande wa kichwa. Tulipofika Tanga alimpigia simu yule binamu mbele yangu, akaweka sauti kubwa, akamsalimia, akamuuliza habari za watoto, kisha akamwambia kama mtu anayetaja kipimo cha kitambaa dukani: "Wangu umepimwa, baba. Sentimita nne."

Mito imebaki miwili.